Maji Katika Mgongo wa Baba

Croydon, London
21 Juni 2025

Shangazi Generosa,

Ninamwomba Mungu baba yangu akate tamaa. Ndiyo sala yangu ya kila siku, na sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Nimeiandika kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitaishia hukohuko kwenye salamu. Unanijua.

Sasa shikamoo. Bibi hajambo? Miguu yake je? Huku tuko salama. Juzi nilimaliza mtihani wa mwisho, wa fizikia. Wenzangu walibaki getini wakipiga picha na kurushiana unga, mimi nikatokea mlango wa nyuma na kupanda tramu. Nilipofika nyumbani baba alikuwa ananipikia ndizi, amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu na sufuria mapajani, anamenyea hapohapo. Tony naye hajambo. Tony ni yule mzee Mwingereza anayekuja asubuhi kumsaidia baba kuoga na kuvaa. Nilimfundisha kwamba shikamoo ni heshima, basi sasa anampa kila mtu. Ana zaidi ya miaka sitini, lakini akiingia tu: "Shikamoo, Haika!" Nataka kuzama sakafuni. Baba anasema, "Mwache, huyo ndiye Mwingereza wa kwanza mwenye adabu."

Utajiuliza kwa nini karatasi wakati simu ipo. Fleti yetu ina vyumba viwili na kuta za kadibodi, na baba anasikia hata ninapofungua biskuti. Nikikutumia ujumbe, najua simu yako inasomwa kwa sauti na yeyote aliye karibu na jiko. Kwa hiyo ninakuandikia kwa sanduku la posta la shule unayofundisha, ufungue ukiwa peke yako ofisini.

Habari yenyewe ni hii. Unajua kwamba tangu baba aanguke kutoka kwenye jukwaa la kupaka rangi, majira ya baridi mawili yaliyopita, hajasikia chochote chini ya kiuno. Mwaka jana aliingia kwenye utafiti hospitalini. Wanamlaza ndani ya mashine ya MRI, ile yenye sumaku kubwa, na kupiga picha za nyuzi za neva ndani ya uti wa mgongo. Anayeshughulika naye anaitwa Nurjehan. Wazazi wake waliondoka Arusha zamani wakahamia Rayners Lane, hapahapa London, na Kiswahili chake ni kile cha jikoni alichokisikia kwa bibi yake. Baba anampenda sana. Nurjehan alimweleza kwamba mashine haizioni nyuzi zenyewe, inafuatilia maji yaliyo mwilini. Maji hutembea kwa urahisi zaidi kuufuata uzi kuliko kuukatiza. Palipo na nyuzi nzima, maji yana mwelekeo. Palipoharibika, yanatangatanga.

Baba alishika kichwa akasema, "Lakini huu ni mfereji wa kwetu!" Tangu hapo hana hadithi nyingine. Alimpigia Bibi akamweleza kwamba mgongoni mwake mfereji umebomoka kama ule unaoshuka kutoka msituni, na kwamba Wazungu wanaukagua kila baada ya miezi sita, wajue maji yamefika wapi. Bibi akasema, "Basi wakimaliza kuukagua watauziba." Baba akasema ndiyo, Mama.

Shangazi, hawauzibi. Utafiti si matibabu, Nurjehan alituambia sote wawili wazi. Wanajifunza jinsi ya kuzipima nyuzi zilizobaki, ili siku dawa ikipatikana wajue kama inafanya kazi. Itamfaa mtu mwingine, mwaka mwingine. Baba alikuwepo, aliitikia kwa kichwa, akashukuru. Tulipofika nyumbani akasema, "Desemba nitaingia kwa mama yangu kwa miguu yangu."

Desemba iliyopita alisema hivyohivyo, na ilipofika akakataa kusafiri. Nyumba nzima za Wachagga wa London zilikuwa zinafunga masanduku kwenda kula Krismasi nyumbani, sisi tukabaki tunatazama televisheni. Alisema, "Siwezi kubebwa kama gunia mbele ya Mama." Bibi hapungui uzee wakati tunangoja. Naogopa atangoja kusimama mpaka Bibi asiwepo. Ndiyo maana ninaomba akate tamaa, akubali kuja na kiti chake wakati Bibi bado anaweza kumshika uso.

Wewe ni dada yake mkubwa. Mwambie aje alivyo.

Mwanao,
Haika


Kilema
19 Julai 2025

Haika mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika jana, mwalimu mkuu akanikabidhi mbele ya wote akauliza kama nimepata mchumba Ulaya. Nikamwambia wivu utamuua.

Hapa tu wazima. Baridi ni kali mwaka huu, ukungu haunyanyuki mpaka saa nne. Kahawa imeanza kuiva. Darasa la saba wana mitihani ya majaribio na hesabu zao zinanitoa machozi, ungekuwepo ungenisaidia kusahihisha. Mfereji, kwa kuwa umeutaja, ulibomoka kweli wakati wa masika, kule juu karibu na msitu. Wanaume walipanda na majembe na majani ya migomba wakauziba, wakala pamoja, wakashuka wakiimba. Mvua iliyofuata ikauchukua tena. Sasa tunachota bombani.

Bibi yako anakusalimu. Ile simu yake iliharibika, kwa hiyo msishangae mkimkosa. Baba yako akitaka lolote anipigie mimi. Yule mbuzi aliyefugwa kwa ajili yake hayupo tena, tulimchinja mwezi wa tano. Alikuwa ameshazeeka.

Kuhusu sala yako. Sijakasirika. Nilikaa na karatasi ile ofisini mpaka kengele ikapigwa mara mbili. Wewe ndiye unayemwinua akitaka kugeuka, mimi nimekaa mbali na maneno matupu, kwa hiyo sina haki ya kukuambia uombe nini. Lakini usinitume kwa mdogo wangu na habari hiyo. Siwezi. Mwache na Desemba yake. Mtu akiwa na mahali pa kutazamia, siku zinapita.

Kula vizuri. Matokeo yakitoka uniambie mimi kwanza, kabla hujawaambia baba zako wadogo wakaanza kutafuta mashine ya muziki.

Shangazi yako,
Generosa


Croydon
16 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo. Pole na baridi na hesabu za darasa la saba. Mama alipiga simu kutoka Birmingham, anakusalimu, mume wake mpya amepata kazi ya treni. Tony ameumwa mgongo, ametuletea keki aliyoipika mwenyewe ikawa baba ndiye anayempa pole.

Matokeo yalitoka Alhamisi. Nimefaulu. Chuo cha Leeds kimenipokea kusomea fizikia, na masomo yanaanza mwisho wa Septemba. Baba alipiga kelele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Ananiita Profesa. "Profesa, nipitishie chumvi." Sikumwambia kwamba sijaamua kwenda. Leeds ni mbali na hapa, ni zaidi ya saa mbili kwa treni hata ukishafika stesheni kuu. Tony anakuja asubuhi na jioni tu. Mchana kutwa baba angekuwa na nani? Nikimwuliza hivyo anajibu, "Mpaka wewe urudi likizo nitakuwa nimesimama, nitakufungulia mlango." Nami namchukia kwa jibu hilo, kisha najichukia mimi.

Nina jambo jingine. Nilipotimiza miaka kumi na minane Nurjehan aliniuliza kama ningekubali kulala kwenye mashine. Wanahitaji watu ambao hawajaumia ili walinganishe. Nikakubali. Wanakuvua kila kitu cha chuma, hata pini za nywele, wanakuziba masikio, wanakupa kipira cha kubonyeza ukiogopa. Halafu kelele: kama mtu anagonga bati na mwingine anamjibu. Usitikisike hata kidogo, ukitikisika picha inaharibika. Nurjehan alisema kwa Kiswahili chake, "Lala kabisa! Wewe jiwe!"

Nililala kama jiwe. Ndipo nikagundua kwamba mle ndani hakuna mtu anayeweza kuniita. Hakuna maji ya kupeleka, hakuna mguu wa kunyoosha. Nikaanza kulia. Sauti ya Nurjehan ikaja masikioni: "Haika, unatikisika." Nikasema samahani, ni machozi. Akasema, "Machozi hayana shida. Kwikwi ndiyo inaharibu." Tukarudia yote.

Sasa naomba usinikasirikie. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Kila ulipowahi kutuandikia, Bibi alikulazimisha uongeze neno lake mwishoni, hata kama ni kunigombeza tu: mwambie Haika aache kuvaa suruali zilizochanika, mwambie mtoto ale. Safari hii hakuna. Na yule mbuzi, Bibi aliapa kwamba hakuna atakayemgusa mpaka baba aingie getini. Mlimchinja mwezi wa tano, kwa sherehe gani? Watu hawamchinji mbuzi wa Bibi kwa sababu amezeeka. Bibi angekaa mlangoni na fimbo.

Baba hajaniuliza chochote. Jumapili baada ya misa, saa ile Bibi alipokuwa akipiga, anaishika simu yake tu na kuifuta kioo.

Shangazi, Bibi yuko wapi?

Haika


Kilema
3 Septemba 2025

Haika mwanangu,

Barua hii nampa Ambrose akuletee, mtoto wa jirani yetu anayesoma huko. Anarudi London kesho kutwa, nimemwambia akupe mkononi na si mlangoni. Hongera kwa Leeds. Nilitaka kuanza na hongera ndefu lakini mkono unakataa.

Mama alifariki wiki ya pili ya Mei. Hakuugua sana. Alisema kifua kinambana, tukamkalisha kitandani, akaomba uji, na uji ulipoiva alikuwa amekwenda. Amelala migombani, upande wa kushoto wa babu yako. Mbuzi alikuwa wa watu wa mazishi. Una macho mabaya, mtoto wewe.

Usifikiri tuliamua tu. Ni yeye. Tangu Krismasi alikuwa akituambia, kila mmoja kwa zamu yake, mimi na baba zako wadogo na hata katekista: "Nikitangulia, Anselm asiambiwe mpaka asimame. Akiambiwa amekaa hatasimama tena." Alituapisha. Alikuwa ameshika kabisa habari ya mfereji. Alisema wakiuziba huko Ulaya, mwanawe atakuja mwenyewe kumtafuta, na akimkosa nyumbani atamkuta migombani, lakini atakuwa amefika kwa miguu. Ningemwambiaje mama yangu kwamba mashine haizibi kitu? Barua yako ilinikuta ameshazikwa.

Wewe ulikuwa kwenye mitihani. Nilisema na wewe pia usijue mpaka umalize, kisha ukaniandikia ile sala, nikashindwa. Baba yako amenipigia mara nyingi. Ananiuliza, "Mama hajambo?" Nami nasema hajambo, amelala, amekwenda jumuiya, simu imeharibika. Yeye anasema, "Haya, nisalimie." Nikikata nakwenda nyuma ya banda la kuku.

Nakuomba uifiche nawe mpaka Desemba. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, kama atakuja. Asipokuja sijui. Na wewe nenda Leeds. Kwa hilo hata Mama angechukua fimbo.

Nimekosa usingizi tangu nianze barua hii. Nisamehe.

Shangazi yako


Croydon
24 Septemba 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole. Pole sana. Sikukupa pole wakati wake, ninakupa leo. Ambrose alinikuta stesheni ya East Croydon, akanipa bahasha, na alipoona nimeifungua palepale akasimama karibu yangu, treni zake mbili zikapita. Mwambie mama yake amelea vizuri.

Kwa wiki nzima nilimwogopa baba. Nilikuwa nachelewa kurudi kutoka dukani, nalala mapema, nasema kichwa kinauma. Yeye alidhani ni wasiwasi wa Leeds. Alimwambia Tony, "Profesa anaogopa kuondoka, tumfukuze." Tony akaja na sanduku lake la zamani la safari, akaliweka mlangoni. "Shikamoo," akasema, "hili lina magurudumu pia."

Juzi Jumatatu ilikuwa zamu ya baba ya mashine. Siku zote mimi hungoja kwenye viti vya nje. Safari hii, kwa kuwa naondoka, baba alimwomba Nurjehan aniruhusu niingie kwenye chumba chenye kioo, niuone mfereji wake. Nurjehan akakubali, lakini aliniita wakati baba ameshaingizwa ndani na kuzibwa masikio. Sijui kama baba alisahau ombi lake au alidhani bado niko nje.

Nurjehan alinionyesha kwanza picha zangu. Kompyuta inazipaka nyuzi rangi kulingana na upande ambao maji yanaelekea. Zinazopanda na kushuka ni za buluu. Uti wangu ni buluu tupu kutoka juu hadi chini, kama kitambaa kilichofumwa vizuri. Kisha akafungua za baba za miezi sita iliyopita. Juu buluu. Halafu pale alipoumia, kijivu. Nikaangalia sana. Kando kabisa ya kile kijivu kulikuwa na nyuzi chache, nyembamba, zinapita. Nikauliza kama zinaongezeka. Akatikisa kichwa. "Haziongezeki, Haika. Zipo tu. Yeye anajua."

Nikauliza, "Anajua nini?"

"Aliniuliza siku ya kwanza. Mimi nasema hapana, miguu hii haitarudi na kazi yetu haitairudisha. Yeye anasema sawa, piga picha, labda itamsaidia mtoto wa mtu."

Mashine inapopiga kelele husikii kitu, lakini katikati ya picha na picha inanyamaza, na mle ndani kuna maikrofoni ambayo haizimwi, ili mgonjwa akiita asikike. Baba ameingia mle mara kadhaa na nadhani hajui hilo. Au anajua na anategemea kwamba wale wanaokaa nyuma ya kioo hawana Kiswahili zaidi ya kile cha jikoni. Mashine ikanyamaza, na kwenye spika ikaja sauti yake, polepole, kama mtu anayezungumza na mwenzake shambani.

"Mama, nimekuja tena huku kwenye bomba. Huku ndiko naweza kuongea na wewe. Nyumbani mtoto anasikia kila kitu."

Nilishika meza.

"Anaondoka Jumamosi. Akiniona nimekata tamaa hataondoka, namjua, atajifunga kwenye kiti hiki kama kamba. Kwa hiyo nimekuwa nikisema Desemba, Desemba. Wewe nilikudanganya kwa sababu ulifurahi. Yeye namdanganya ili aende. Unisamehe. Na umsamehe Generosa. Ati simu imeharibika! Simu gani inaharibika kuanzia masika mpaka leo? Hajawahi kujua kusema uongo, tangu tukiwa wadogo. Anajibu haraka mno. Nikimwuliza hujambo wewe, naisikia sauti yake imekwisha, basi namwacha."

Kisha akakutaja kwa jina lako la utotoni, lile ambalo hulipendi. Akamtaja Bibi, Apolonia, jina lake la ubatizo, akamsalia sala ya marehemu tangu mwanzo hadi mwisho. Sauti haikutetemeka. Nurjehan alikuwa ameinamisha kichwa. Sijui alielewa kiasi gani. Alinyoosha mkono akapunguza sauti ya spika mpaka ikawa haisikiki, akasema, "Haya ni yake." Alingoja. Alipoona kwenye kamera midomo ya baba imetulia ndipo akabonyeza, kelele zikaanza upya.

Baba hakutikisika hata mara moja. Nurjehan alisema picha zimetoka safi kuliko zote.

Nilitoka nikakaa kwenye viti vya nje, nikainama nikajifanya nafunga viatu. Alipoletwa akasema, "Umeingia kuuona mfereji wangu?" Nikasema hapana, nilichelewa, nilikwenda msalani. Ni uongo wa kwanza niliomwambia macho kwa macho, nami nilijibu haraka mno. Akanitazama. Akasema, "Haidhuru. Haubadiliki sana."

Kwenye tramu tulikaa pale penye nafasi ya kiti chake. Tulipopita lile jengo la Uhamiaji akasema, kama anavyosema kila mara, "Hapo ndipo tulipopanga foleni na wewe ulikuwa na meno mawili mbele." Halafu akasema, bila kunitazama, "Desemba nakwenda nyumbani, nimesimama au sijasimama. Nimechoka kungoja."

"Na kiti, baba?"

"Kiti kitapanda ndege. Kina haki ya kuona mlima."

Nikacheka. Nilicheka kweli, Shangazi, kisha nikageuka dirishani.

Nilikuandikia kwamba naomba baba akate tamaa. Alikuwa ameshaikata kabla sijaanza kuomba, akakaa nayo peke yake, akavaa tumaini kila asubuhi kama shati ili mimi nilione. Nami nitaondoka Jumamosi na sanduku la Tony, kwa sababu kubaki kungekuwa kumvua lile shati. Nurjehan amesema atampigia kila Ijumaa afanye mazoezi ya Kiswahili chake. Halmashauri wameongeza saa za mchana. Haitoshi. Naenda hivyohivyo.

Tutafika tarehe ishirini na moja Desemba. Atakuja akisukumwa. Livunjeni lile tuta la getini. Utamkalisha migombani, utamwambia uso kwa uso, kama ulivyokusudia, kwamba Mama amefariki, naye atalia kama mtu anayesikia leo. Mwache alie hivyo. Mshike. Usimwambie kwamba anajua, na usimwambie kwamba mimi najua anajua. Baba wadogo wasisikie, wala Ambrose. Ukimaliza kusoma, itie barua hii jikoni chini ya chungu. Yamebaki kwako wewe tu, Shangazi. Yafunge.

Haika